Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta tu: jinsi ya kumpata mkosaji

Malalamiko huja hivi: gari likienda kwa mwendo mmoja limetulia, ukikanyaga mafuta kupandisha linatetemeka, ukiachia linanyamaza. Na jibu la kwanza la mafundi wengi ni tairi. Zinabalansiwa. Mtetemo ukibaki inafanywa alaimenti, kisha zinanunuliwa tairi mbili mpya, kisha zinatajwa shokapu. Mwenye gari anaondoka na vipuri vipya na mtetemo ule ule. Inauma, kwa sababu mara nyingi dereva alishatoa jibu katika sentensi yake ya kwanza: ukiachia linanyamaza. Tairi isiyo na balansi haijui kama mguu wako uko kwenye pedali au haupo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kukanyaga mafuta hubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Injini inazunguka haraka zaidi. Gari linaongeza mwendo, kwa hiyo tairi na shafti nazo zinazunguka haraka zaidi. Na la tatu, ambalo husahaulika, ni mzigo. Sisemi mizigo ya buti. Nasema nguvu ya kusokota inayotoka kwenye injini kwenda kwenye tairi. Ukikanyaga, nguvu hiyo inaruka juu ghafla, kila jointi inabanwa, injini inajaribu kujipindua kwenye maunti zake (vishikio vya mpira vinavyoifunga kwenye bodi), mbele ya gari panainuka na nyuma panadidimia. Mtetemo hufuata kimoja au zaidi kati ya hivyo vitatu: mizunguko ya injini, mwendo wa gari, au mzigo. Ukijua unafuata kipi, orodha ndefu ya vipuri inabaki viwili au vitatu, na hujafungua hata nati moja.

Nati zenyewe, hata hivyo, ziangalie kabla ya safari yoyote ya majaribio. Kama mtetemo umeanza muda mfupi baada ya tairi kufunguliwa na kufungwa, na unazidi kadiri unavyoendesha, simama uzikague. Tairi iliyolegea hutikisa gari zima, na mwisho wake ni kuchomoka. Magari mengi madogo hutaka nati zikazwe kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 90 hadi 120, na kiasi kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Pitisha pia kiganja kwenye uso na ubavu wa kila tairi ukitafuta uvimbe. Tairi ambayo nyuzi zake za ndani zimeachana haifai kupelekwa kwenye mwendo mkubwa kwa ajili ya jaribio.

Kutenganisha vitu vitatu

Chagua barabara tupu iliyonyooka, na uwe na mtu pembeni wa kuandika, maana dereva anayesoma mishale ya dashibodi huku akisikiliza hafanyi lolote kati ya hayo vizuri.

Jaribio la kwanza ni la mguu. Panda hadi mwendo unaotetemesha, tuseme kilomita 70 kwa saa, huku ukikanyaga. Kisha toa mguu kabisa bila kugusa breki. Sekunde mbili za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu spidi bado ni 69 au 68, yaani tairi zinazunguka karibu vile vile kama awali. Kilichobadilika ni mzigo tu. Mtetemo ukikatika papo hapo, tairi, rimu na balansi zinaondoka kwenye orodha ya washukiwa wakuu. Ukiendelea na kupungua polepole pamoja na mwendo, basi tairi zinarudi, na fundi wa balansi alikuwa na haki.

La pili ni la gia. Shika mwendo mmoja, kwa mfano 60, ukiwa gia ya tatu, kisha urudie mwendo huo huo ukiwa gia ya nne. Tairi hazioni tofauti yoyote, lakini injini inaiona, kwa sababu mizunguko yake inashuka. Mtetemo uliotokea kwenye 60 ya gia ya tatu na ukahama kwenye gia ya nne unafuata injini. Uliobaki pale pale kwenye 60 unafuata kitu kinachozunguka baada ya gia boksi. Kwa gari la otomatiki tumia nafasi ya kuchagua gia kwa mkono kama ipo, au zile za 2 na L, ukiwa ndani ya mwendo ambao kitabu cha gari kinauruhusu.

La tatu linafanyika gari likiwa limesimama. Vuta breki ya mkono, weka nyutro au P, pandisha mizunguko taratibu na kutulia kidogo kwenye 1500, 2000, 2500 na 3000. Gari likitetemeka hapo, tatizo ni la injini, maunti zake au bomba la ekzosi linalogusa bodi. Lakini jihadhari na upande wa pili wa jaribio hili. Likipita salama halijaisafisha injini. Injini isiyo na mzigo hupumua kirahisi, na plagi au koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) iliyochoka inaweza kufanya kazi vizuri kabisa gari likiwa limesimama, kisha ikashindwa kwenye mlima.

La nne ni la kukanyaga kidogo na kukanyaga sana kwenye mwendo uleule. Mlima mrefu usio mkali unafaa sana. Panda kwa mguu mwepesi, kisha rudia kwa mguu mzito. Tofauti ikiwa kubwa ilhali spidi na gia ni zilezile, unafukuza kitu kinachobanwa na mzigo.

Hesabu kidogo

Wapo wanaodai wanaweza kutaja kipuri kwa kushika usukani tu. Usukani unaotetemeka kweli huelekeza mbele, na kiti kinachotetemeka huelekeza nyuma au kwenye shafti ya katikati, lakini bodi ya gari husafirisha mtetemo mbali na ulikozaliwa. Naiamini zaidi hesabu.

Chukua tairi ya 205/55 R16. Mzingo wake ni karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 14 kila sekunde. Tairi yenye uzito upande mmoja itatikisa gari mara hizo hizo 14. Gari la kusukumwa na tairi za nyuma lenye difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 4.1 litakuwa na propela, yaani shafti ndefu ya katikati inayopeleka nguvu nyuma, inayozunguka mara 57 hivi kwa sekunde kwenye mwendo huo. Mitikisiko 14 kwa sekunde unaihisi mkononi na kiunoni. 57 ni mvumo unaousikia masikioni karibu kama unavyouhisi sakafuni. Kwa hiyo mtikisiko mpana na mzito haupatani na propela inayozunguka kasi, na mvumo mwembamba haupatani na tairi.

Injini nayo ina hesabu yake. Ya silinda nne, kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka mara 50 kwa sekunde. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja ikiwa imekufa, pengo lake linajirudia mara 25 kwa sekunde.

Namba hiyo, 25, ikumbuke. Jointi ya ndani ya shafti ya mbele, nitakayoieleza sasa hivi, husukuma gari mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi. Kwenye kilomita 60 kwa saa tairi yetu inazunguka mara 8.4 kwa sekunde, na mara tatu yake ni 25. Silinda iliyokufa na jointi iliyochakaa zinaweza kutoa mtetemo wa kasi ileile kabisa, kwenye mwendo uleule, zote mbili ukikanyaga tu. Ndiyo sababu hata mtu mwenye uzoefu akikaa ndani ya gari anaweza kubishana na mwenzake kama gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, au lina shafti mbovu, na wote wawili wakawa na hoja. Jaribio la gia ndilo linalowaamua. Tuseme 60 hiyo ni ya gia ya tatu, injini ikiwa kwenye 3000. Ingiza gia ya nne kwenye 60 ileile: injini ikishuka hadi mizunguko 2300, pengo la silinda iliyokufa litajirudia mara 19, lakini jointi itabaki kwenye 25.

Simu nyingi za kisasa zina kipima mtikisiko ndani yake, na zipo programu za kuonyesha mtetemo una kasi gani kwa sekunde. Simu ikilazwa imara sakafuni au ikafungwa kwenye reli ya kiti, inatosha kutenganisha 14 na 25. Ikiwa mkononi haifai, nyama ya mkono inameza mtetemo mwingi.

Jointi ya ndani, mshukiwa anayesahaulika

Kwa magari yanayovutwa na tairi za mbele, kama majaribio yameonyesha kwamba mtetemo unakuja na mzigo, unafuata mwendo wa gari na hauhami na gia, ningeshuku kwanza jointi za ndani za shafti, zile zinazoingia kwenye gia boksi. Jointi ya nje, iliyo karibu na tairi, inajulikana na kila dereva kwa sababu ikichoka hugonga ka-ka-ka ukikata kona. Ya ndani haigongi. Inatikisa. Kwa kuwa haipigi kelele, haishukiwi.

Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tairi ikipanda na kushuka kwenye matuta, umbali kati yake na gia boksi hubadilika, kwa hiyo shafti lazima iweze kurefuka na kufupika huku ikizungusha tairi. Kwenye magari mengi hilo hufanywa na kichwa chenye mikono mitatu, kila mkono ukiwa na rola, zote zikiwa ndani ya kikombe chenye mifereji mitatu. Rola zinateleza mbele na nyuma ndani ya mifereji. Kwa sababu shafti imelala kwa pembe, kila rola hulazimika kwenda na kurudi mara moja katika kila mzunguko. Ukikanyaga mafuta, rola zinagandamizwa kwa nguvu kwenye ubavu mmoja wa mfereji, na msuguano unapanda. Kila rola inayokwama kidogo kabla ya kuteleza inasukuma shafti kwa urefu wake, na msukumo huo unaingia kwenye injini na bodi. Rola tatu, misukumo mitatu kwa mzunguko. Kwa kuwa shafti imelala kutoka kushoto kwenda kulia, gari linatikisika pembeni: ukiwa ndani unaona mbele ya gari ikichezacheza kushoto na kulia, na usukani wakati mwingine haujasogea hata kidogo. Mtikisiko wa pembeni unaokuja na mguu na kuondoka na mguu, hasa kati ya 40 na 100, ni alama ambayo binafsi naiheshimu kuliko nyingine yoyote katika suala hili.

Ukiachia mafuta, nguvu inahamia ubavu wa pili wa mfereji, ambao haujatumika sana na bado ni laini. Ndiyo maana gari linatulia hata injini ikiwa inazuia mwendo mteremkoni.

Namna ya kukagua: gari liinuliwe na kukaa kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki peke yake. Angalia buti za mpira zinazofunika jointi. Buti iliyopasuka inaacha mstari wa grisi nyeusi kwenye gia boksi au kwenye sabufremu (fremu ya chuma iliyo chini ya injini), na jointi iliyopoteza grisi na kuingiza mchanga haina muda mrefu. Shika shafti karibu na gia boksi, isukume ndani na nje. Inatakiwa iteleze bila kukwaruza. Kuichezesha juu na chini hakukupi jibu la uhakika, kwa sababu jointi ya aina hii hata ikiwa mpya ina nafasi kidogo. Jibu la uhakika linapatikana ndani. Ikishatolewa, futa grisi yote kwenye mifereji kwa kitambaa safi, kisha ielekeze kwenye mwanga. Mahali rola inapokaa muda mwingi utaona kiraka kinachong'aa tofauti na chuma kingine. Pitisha ukucha polepole kuvuka ukingo wa kiraka hicho. Ukucha ukipita bila kukwama, mfereji bado ni mzima. Ukikwama kwenye kingo, hata kama jicho halioni shimo, rola nayo inakwama pale pale kila mzunguko. Grisi mpya ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji inaweza kuituliza jointi ambayo ilikauka tu. Iliyokwisha kuchimbika haitaponywa na grisi.

Tahadhari mbili hapa. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu au vipande vya kuinua lina shafti zilizolala kwa pembe kali zaidi, na mtetemo ulioanza baada ya kuinuliwa unaweza kutoka kwenye jointi nzima kabisa. Ya pili ni kwamba shafti mpya ya bei rahisi yenyewe huweza kutetemesha, kwa sababu mifereji haikuchongwa vizuri. Usiitupe ya zamani wala kuirudisha dukani kama mbadala hadi umeendesha gari.

Maunti zinazoachia injini ijipindue

Injini iliyolala kwa upana hushikwa na maunti tatu au nne, mojawapo mara nyingi ikiwa mkono mfupi wa chini wenye mpira pande zote mbili, ambao kazi yake hasa ni kuzuia injini isijipindue ukikanyaga. Mpira huo ukipasuka, injini inapinduka zaidi ya ilivyopangwa, chuma kinagusa chuma, na mtetemo wa kawaida wa injini unapata njia ya moja kwa moja hadi kwenye bodi. Dalili zake ni kishindo ukihamisha gia kutoka R kwenda D, kutetemeka ukisimama kwenye taa za barabarani gari likiwa kwenye D na kutulia likiwekwa N, na mtikisiko mzito unapoondoka tu, kabla hata ya kufika 30.

Fungua boneti, mtu akae ndani akiwa amekanyaga breki kwa nguvu na kuvuta breki ya mkono, kisha ahamishe D na R na kukanyaga mafuta kidogo sana, kwa sekunde chache. Wewe simama ubavuni; mbele na nyuma ya gari pasiwe na mtu. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka na kutua kwa kishindo, maunti imeachia. Zile zenye maji ndani zikipasuka huacha majimaji meusi yaliyokauka chini yake, na hilo huonekana kwa tochi tu.

Hapa ndipo makosa mawili hujificha ndani ya moja. Maunti iliyolala hushusha injini upande mmoja, injini ikishuka shafti zinabadilisha pembe, na pembe ikibadilika jointi ya ndani iliyoanza kuchoka inaanza kutikisa. Ukibadilisha jointi mtetemo unapungua, kisha unarudi. Kwa hiyo maunti hukaguliwa kwanza, hata kama dalili zote zinasema shafti, na jaribio la barabarani linarudiwa kabla ya kuagiza kingine. Ekzosi ifuatwe kwa macho wakati huo huo: mahali inapogusa bodi huwa pamesuguliwa hadi pakang'aa.

Gari linamisi

Plagi inahitaji umeme wa nguvu zaidi kuruka pengo lake pale hewa ndani ya silinda inapokuwa imebanwa sana, na hewa hubanwa zaidi ukikanyaga mafuta mengi huku injini ikizunguka polepole. Gia kubwa, mlima, mizunguko 1500, mguu mzito: hapo ndipo koili dhaifu hujitangaza. Mtetemo wake una mkatiko. Gari linasitasita na kuvuta kwa mapigo, na nguvu inapungua, jambo ambalo shafti mbovu haisababishi. Taa ya injini ikiwaka na kuzima kwa kupepesa, punguza mwendo na usiendelee kukanyaga. Petroli isiyochomwa inakwenda kuungua kwenye kichujio cha ekzosi na kukiharibu kwa joto.

Mashine ya kusoma hitilafu itaonyesha P0300 kama silinda zinapokezana, au P0301, P0302 na kuendelea ikitaja silinda yenyewe. Hamisha koili ya silinda inayotajwa uiweke kwenye nyingine, uendeshe, usome tena. Hitilafu ikihama na koili, umepata jibu bila kununua kitu. Ukichomoa plagi, itazame porselini yake kwenye mwanga: mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ambayo umeme umeitumia kukwepa pengo. Plagi ya namna hiyo haisafishwi, na mpira wa koili uliokuwa umeivaa mara nyingi una alama hiyohiyo upande wa ndani, kwa hiyo vyote viwili vibadilishwe.

Otomatiki: mtetemo wa mguu mwepesi

Kuna mtetemo mmoja unaokuja kinyume na mengine yote, kwa mguu mwepesi, mara nyingi kati ya 50 na 80, ukiongeza mwendo kidogo tu. Unahisi kama tairi zimepita juu ya vituta vidogo vidogo vilivyochorwa barabarani, sekunde moja au mbili, kisha kimya. Ukikanyaga sana unatoweka. Huo unatoka ndani ya konveta, chombo cha duara kilicho kati ya injini na gia boksi. Konveta hupitisha nguvu kwa mafuta, lakini gari likishashika mwendo, klachi iliyo ndani yake hufunga ili nguvu isipotee. Mafuta ya gia boksi yakichakaa, au yakiwekwa ya aina isiyo yake, klachi hiyo haifungi kwa ulaini. Inashika na kuteleza kwa mfululizo wa haraka.

Jaribio lake ni zuri kwa urahisi wake. Mtetemo ukianza, na nyuma yako pasipokuwa na gari, endelea na mguu wa kulia pale pale, kisha mguu wa kushoto uguse pedali ya breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kwenye magari mengi swichi ya breki huifungua klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika na mshale wa mizunguko ukaruka juu kidogo kwa wakati mmoja, umeipata. Anza na mafuta sahihi kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Yakiwekwa mapema, mara nyingi yanatosha.

Kwa gia za mkono ndugu yake ni klachi inayotetemesha gari linapoondoka tu, pale unapoiachia nusu. Ikishashika kabisa gari linatulia. Klachi iliyopata oili kutoka kwenye sili ya krenki, au flaiwili (gurudumu la chuma ambalo klachi hushikilia) yenye madoa ya bluu ya joto, hufanya hivyo, na haina njia ya mkato: gia boksi ishushwe.

Magari ya kusukumwa kwa nyuma

Propela ina krosi, jointi yenye umbo la msalaba, na krosi ina tabia moja ambayo haiepukiki. Ikiwa imepinda kwa pembe, upande wa kutokea hauzunguki kwa kasi moja hata kama wa kuingilia unazunguka kwa kasi moja: unaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni asilimia 1.5 hivi juu na chini. Dawa ni krosi ya pili upande mwingine, iliyopinda kwa pembe sawa, ili kosa la kwanza lifutwe na la pili. Hesabu hiyo inaharibika kwa njia tatu. Pembe zikiacha kuwa sawa, kwa sababu ya maunti ya gia boksi iliyolala au gari lililopakia nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu gari lenye springi za pasi (zile za vyuma bapa vilivyopangwa), ambapo difu hujiinua pua na pembe ya nyuma hubadilika. Na vipande viwili vya propela vilivyotenganishwa kisha vikarudishwa bila kulinganishwa.

Hiyo ya tatu inanisikitisha kwa sababu inaundwa kwenye gereji. Sehemu inayoteleza ya propela ina meno mengi, na inaingia katika nafasi yoyote. Ikikosea jino moja tu, krosi mbili haziko tena kwenye mstari mmoja. Kabla ya kuichomoa piga mstari wa rangi unaovuka vipande vyote viwili. Kama gari limeanza kutetemeka baada ya kubadilishiwa krosi, lala chini utazame kama uma zinazoshika krosi za pande mbili zimelala katika mwelekeo mmoja.

Krosi iliyokauka hujulikana kwa vumbi la rangi ya kutu kuzunguka vikofia vyake. Ikitolewa na kuchezeshwa kwa mkono, inanasa katikati badala ya kupita laini. Senta beringi, inayoshika propela yenye vipande viwili, ikichanika mpira wake hutikisa gari kuanzia kusimama hadi 30 au 40, kisha hupotea ukishashika mwendo, kwa sababu mzigo wa kuondoka ndio unaoinua katikati ya propela. Shika propela karibu na beringi uisukume juu: mpira mzima unarudisha mkono wako, uliochanika hauna upinzani.

Kumwendea fundi

Usimwambie fundi kwamba gari linatetemeka. Mpe mwendo, mizunguko, gia, kiasi cha mguu, na kilichotokea ulipoachia, kisha mwendeshe mwenyewe hadi mtetemo utokee akiwa ndani. Mwambie pia kama unakuja injini ikishapata moto tu, au ukiwa na abiria wa nyuma. Gari la propela linalotikisa likiwa limejaa na kutulia likiwa tupu limeshakwambia habari za pembe.

Kipuri kikibadilishwa, rudini barabara ile ile, gia ile ile, idadi ile ile ya watu. Mtetemo uliopungua bila kwisha ni taarifa, kwa hiyo uandikwe na majaribio yaanze upya kutoka la mguu. Na kama tairi zilifunguliwa kwa kazi hiyo, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.